Kioo Alichokiacha Mama

Katika duka la vioo na fremu lililo nyuma ya karakana ya seremala, mwanamke ambaye wateja humwita Fundi hukata kioo huku amebana pumzi. Huweka rula, huvuta kalamu ya kukatia mara moja tu kutoka ukingo hadi ukingo, kisha hugonga kwa kifundo cha kidole na kioo huachana chenyewe. Mstari ukirudiwa, kioo huvunjikia kinapotaka. Wateja hupenda kusimama na kutazama. Yeye hapendi kutazamwa.

Picha anazozitia fremu si zake. Ni za maharusi, za wahitimu, za marehemu waliopigwa picha moja tu maishani, nayo ya kitambulisho. Siku moja zikaja na za mdogo wake.

Mdogo wake ndiye wa mwisho kuzaliwa, na ukoo mzima humwita Kitinda ingawa ni mtu mzima aliyeanza kung'oa mvi mbele ya kioo. Alizileta zimeviringishwa na kufungwa kwa mpira wa nywele.

"Dada, nitilie fremu hizi. Mshauri anataka kuzitundika kwenye korido ya kliniki."

"Zote?"

"Zote. Amesema nisichague. Eti nikichagua nitaficha."

Fundi alizikunjua juu ya meza, akaziwekea vipande vya mbao pembeni zisijikunje. Ua moja kubwa jekundu. Mlango uliofunguliwa nusu. Mwanamke aliyekaa kitako, mikono magotini. Rangi ya maji ilikuwa imevuja nje ya mistari, na mahali pengine karatasi ilikuwa imevimba. Akainama.

"Huyu ana vidole vinne."

"Mshauri amesema si lazima vitimie."

"Kumbe mshauri naye ni mchoraji."

"Dada, jamani!" Kitinda alicheka, akampiga kibao kidogo begani. Tangu msiba hakuwa akicheka hivyo, na Fundi alijua kwamba alipaswa kufurahi. Alichohisi ni kitu kama punje ya mchanga chini ya kope.

Ili kuuelewa mchanga huo, ni lazima kumjua mama yao. Alikuwa akichora kwenye vioo, na kwa upande wa nyuma: rangi hupakwa mgongoni mwa kioo, na mtazamaji huiona kutoka mbele, ikiwa laini na inayong'aa kama kitu kilichozama kwenye maji safi. Kazi hiyo huenda kinyume. Anayechora kwenye karatasi huanza na mandhari, akamalizia na nuru ndani ya jicho. Wa kioo huanza na hiyo nuru. Kisha mboni, kisha kope, kisha kivuli cha shavu, kisha shavu lenyewe, na ukuta wa nyuma huja mwisho kabisa. Ukisahau kipini cha puani, umesahau. Huwezi kukirudishia baada ya ngozi.

Mama alikuwa na njia yake. Mistari aliichora kwa wino alioutengeneza mwenyewe, masizi ya taa yaliyosagwa na gundi ya mti, kwa sababu wino ule ulitii kuliko rangi yoyote ya dukani. Halafu alifunika kwa rangi ya mafuta, na mafuta yaliulinda wino. Kabla ya hapo, maji yalikuwa adui. Siku za kuchora mistari, hata chai haikuingia chumbani. Fundi alikua ndani ya sheria hiyo. Alianza kwa kupaka kuta za nyuma, akapandishwa hadi nguo, akapandishwa hadi nywele. Mwaka ambao mama aliugua ndio aliokuwa amekabidhiwa macho.

Kitinda hakuwahi kuingia chumba kile ila kuomba ruhusa ya kwenda kucheza.

Mama alipolala kitandani, aliyembeba kumpeleka bafuni ni Fundi. Alipozikwa, aliyerudi kazini kabla matanga hayajapoa ni Fundi. Brashi alizifunga kwenye kitambaa akaziweka juu ya kabati, na hakuna aliyemuuliza ziko wapi. Watu walimsifu. "Huyu ana moyo wa chuma," walisema, na mtu akishasemwa ana moyo wa chuma, hakuna anayemuuliza kama unauma.

Kitinda ndiye aliyeanguka. Aliacha kibanda chake cha ususi, akahamia kwa mama mdogo, akalala ameutazama ukuta. Akapelekwa kliniki. Huko akapewa mshauri, karatasi na sanduku la rangi za maji, na polepole, ua baada ya ua, akaamka. Ukoo mzima ukawa hauna habari nyingine. Kitinda kachora mlango. Kitinda kala leo. Kitinda katoka mwenyewe kununua penseli. Fundi aliyasikia yote akiwa amesimama na sahani mkononi, akaona kwamba hakuwa akizihusudu picha, ambazo zilikuwa mbaya. Alihusudu kitanda. Alimhusudu mdogo wake kwa kuruhusiwa kuvunjika, na sasa kwa kushangiliwa akijiunga upya.

Hata hivyo alizitia fremu picha zote, kwa mbao nzuri. Yule mwenye vidole vinne alimpa kioo chenye alama ndogo ya mkwaruzo, kilichokuwa kimewekwa kando kama taka. Hakuna aliyeuona mkwaruzo huo ila yeye.

Sebuleni kwa mama mdogo, kwenye dirisha, kilining'inia kioo cha mwisho cha mama. Alikuwa amekianza kwa kujitazama, akaishia kwenye mistari: nyusi, macho mawili yenye nuru, pua, mdomo ulioanza kutabasamu upande mmoja, na nukta ndogondogo za ushungi. Nyuma ya mistari hapakuwa na kitu, hivyo uso ule ulichukua rangi ya chochote kilichopita. Pazia likifungwa, mama alikuwa wa kijani. Likifunguliwa, alikuwa na mawingu mashavuni.

Fundi alikuwa hakitazami. Alipokuja kula Jumapili alichagua kiti kinacholipa dirisha mgongo. Lakini moyoni alijua kwamba kioo kile ni chake, kwamba ipo siku atakitungua na kukimalizia, kwa sababu duniani hakuna mwingine aliyejua jinsi. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu. Aliliona ni jambo lililo wazi, kama vile mtu asivyotangaza kwamba mguu ni wake.

Jumapili moja Kitinda alisimama katikati ya chakula, akakitungua kioo, akakishika mbele ya uso wake. Mistari ya mama ikaangukia ngozi yake: nyusi juu ya nyusi, jicho ndani ya jicho.

"Nimefanana?"

Mama mdogo aliachia kijiko. "Yallah! Ni yeye mtupu! Mwanangu, ni yeye aliyefufuka!"

"Basi nimeamua. Nitakimalizia mimi. Mshauri amesema kinaweza kuwekwa katikati ya zile nyingine, pale mlangoni kabisa."

"Chanda chema huvikwa pete," mama mdogo alisema, akimpapasa mkono.

"Na kinachokata vioo huvikwa plasta," Fundi alisema.

Walicheka wote wawili, kwa kuwa ilikuwa kweli. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa. Yeye hakucheka. Alingoja mama mdogo aseme, *lakini kioo hiki si cha dada yako?* Mama mdogo aliomba apitishiwe chumvi.

"Dada, unaonaje?" Kitinda aliuliza, bado uso wake umo ndani ya uso wa mama. "Una neno?"

"Neno gani? Kioo cha watu wote."

Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na alilitenda kwa sauti tulivu kabisa.

Siku ya kuchora aliitwa aje kuona. Alikuta meza imetolewa barazani, gazeti limetandikwa, na kioo kimelazwa mgongo juu. Sanduku la rangi za kliniki lilikuwa wazi. Kando yake kilikuwepo kikombe cha bati, kimejaa maji hadi ukingoni.

Fundi alikiona kikombe kabla hajaona kitu kingine. Alikiona kama dereva anavyomwona mtoto barabarani. Mwili wake ulishasogea mbele nusu hatua.

"Karibu, Mwalimu!" Kitinda alisema kwa furaha. "Kaa hapo, unisimamie. Nianze na nini? Shavu?"

Sentensi moja ilitosha. *Maji yatafuta wino, tumia mafuta.* Angeisema, mdogo wake angekwenda dukani, angerudi na rangi ya mafuta, angepaka mashavu, na kioo kingetundikwa mlangoni mwa kliniki na jina la Kitinda chini yake. Na watu wangesema: ona, kuchora kumemponya.

"Anza unavyojua," alisema.

"Hutanicheka?"

"Nikucheke kwa nini? Mshauri si amekufundisha?"

Kitinda alichovya brashi, akaikoroga kwenye rangi ya kahawia, akaiweka karibu na mdomo, penye shavu. Akavuta. Kwa muda mfupi ilipendeza. Kisha weusi ulianza kuingia ndani ya kahawia kama moshi, na kona ya mdomo ikalegea. Kitinda alishtuka, akafanya ambalo mtu yeyote asiyejua angefanya: alipangusa kwa kitambaa kibichi. Mdomo wote ukaondoka na kitambaa.

Alikiinua kioo. Nyusi zilikuwepo. Macho yalikuwepo, na nuru yake. Chini ya pua palikuwa na baraza na uzio wa jirani.

"Dada," alisema. "Dada, nimemfuta."

Mama mdogo alitoka jikoni mbio. Kitinda alikuwa amekaa chini, kitambaa cheusi kifuani, analia kwa sauti ambayo nyumba ile ilidhani imeshaagana nayo. "Kichukue! Kiondoe! Sitaki kukiona!" Fundi alikifunga kwa gazeti, akakibana kwapani, akaondoka nacho. Njiani kioo kilikuwa chepesi. Alikuwa amekipata. Hakukiomba, hakukigombania, na mikono yake ilikuwa safi. Alilala usingizi mzuri usiku huo, na hilo lilikuja kumwaibisha baadaye kuliko mengine yote.

Mama mdogo alikuja dukani wiki iliyofuata, akasimama kati ya fremu tupu kama mtu anayeuza habari mbaya kwa jumla.

"Amerudi ukutani."

"Nani?"

"Unamjua ni nani. Hali, hasemi. Picha zake ameomba zishushwe kliniki. Sanduku la rangi kampa mtoto wa jirani. Anasema mkono wake una mkosi." Alishusha pumzi. "Wewe unayejua mambo haya, kilitokea nini? Mbona wino wa mama yenu ulikuwa mbovu vile?"

Fundi alikuwa na kioo mezani, ameshakiwekea rula. "Wino haukuwa mbovu," alisema. Akavuta kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe pale, mkono ukasimama katikati. Akaurudia mstari. Kioo kikapasuka pembe kwa pembe. Tajiri wa duka, aliyekuwa akisoma gazeti mlangoni, alikunja ukurasa.

"Leo umekula nini, Fundi?"

"Roho ya mtu," alisema, na tajiri akacheka.

Jioni hiyo alizishusha brashi. Nyembamba kuliko zote ilikuwa imeshikamana nywele, ilibidi ailoweke. Masizi aliyakusanya kwa kushikilia sahani juu ya taa ya mafuta, gundi akaisaga kwa mgongo wa kijiko. Mkono ulikumbuka kiasi kabla ya kichwa. Akakilaza kioo mgongo juu, akakisimamishia kioo cha kujitazamia upande wa pili ili aone sura inavyokuja mbele, akachora mdomo.

Haukuwa wa mama. Ulikuwa mdomo wa tangazo la dawa ya meno. Akaufuta. Wa pili ulikuwa wa mama mdogo, tayari kusema jambo. Akaufuta. Maji yaleyale yaliyomharibia mdogo wake yalimtumikia yeye jioni nzima, na jioni iliyofuata, na nyingine. Alijaribu kulirudisha lile tabasamu la upande mmoja, na kila aliporudi nalo lilikataa kukaa, kwa sababu alikuwa akilitunga. Alijiuliza alikuwa ameliona wapi. Alikuwa ameliona likielekezwa mlangoni, kwa mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza. Yeye alikuwa mezani, ubavuni, na mama alipomgeukia hakutabasamu. Alibana midomo, wa chini umevutwa kidogo ndani, kama mtu anayepima.

Wivu huu ulikuwa wa zamani kuliko msiba, kuliko kliniki, kuliko kila kitu. Alikaa nao mezani. Alilia, si kwa muda mrefu, akigeuza uso pembeni machozi yasije yakaangukia wino. Kisha akauchora mdomo aliokuwa akiujua. Mstari mmoja, bila kushusha pumzi, na hakuurudia.

Kitinda alikuwa amelala ubavu, shuka hadi shingoni. Mama mdogo alimfungulia Fundi mlango wa chumba, akabaki kizingitini. Akaambiwa kwa upole aende akaangalie jiko, akaenda kwa shingo upande.

"Kitinda."

"Niache, Dada."

"Nitakuacha. Kwanza nisikilize. Mkono wako hauna mkosi. Ule wino huyeyuka kwenye maji. Mama hakuruhusu hata chai chumbani."

"Sikujua."

"Hukujua. Mimi nilijua. Nilikiona kikombe kabla hujachovya, nikanyamaza."

Shuka likasogea. Kitinda aligeuka, akaketi, nywele zimesimama upande mmoja.

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

"Nikakuita Mwalimu."

"Ukaniita Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe watu wanakuuliza umelalaje," Fundi alisema.

"Mshenzi," Kitinda alisema. "Mshenzi mkubwa wewe. Wiki nzima najiona nimemuua mama mara ya pili! Ungesema tu unakitaka! Nani angekunyima?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nilitaka nipewe bila kuomba. Kama wewe."

"Mimi napewa bila kuomba? Mimi niliomba hadi sauti ikakauka! Wewe ndiye huombi, halafu unatununia kama mwenye nyumba!" Alishika mto, akautupa. Haukumfikia mtu. "Nini hicho umebeba?"

Fundi alifungua gazeti, akakiegemeza kioo kwenye mto uliobaki. Nyuma yake palikuwa na shuka jeupe, na mama akatokea akiwa mweupe, mkavu, midomo imebanwa.

Kitinda alisogea. Akasogea tena. "Huyu si mama," alisema. "Mama alikuwa akitabasamu."

"Kwako."

"Mama hakuwa na ukali huu."

"Si ukali. Anapima kama mstari umenyooka."

"Mstari wa nani?"

"Wangu."

Nje mama mdogo aligonga sufuria kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, ili ijulikane kwamba hasikilizi. Kitinda alikuwa amekunja uso. Alikipeleka kioo upande huu na upande ule, akijaribu kumfanya yule mwanamke wa mistari amtazame yeye, na kila alipojaribu macho yale yalipita begani kwake.

"Alikuwa anakutazama hivi?"

"Kila siku."

"Mimi hakuwahi," Kitinda alisema. "Hata siku moja. Mimi nilikuwa nachekewa tu, kama paka."

Sauti ilikuwa imebanwa, nyembamba, na ndani yake Fundi alisikia kitu alichokijua tangu utotoni. Hakukifurahia kama alivyodhani angefurahia. Alivuta kigoda, akakaa.

"Mashavu bado," alisema. "Na ngozi, na ukuta wa nyuma. Nimenunua mafuta."

"Mashavu napaka mimi."

"Utaharibu."

"Nitaharibu, ndiyo. Nitaharibu ukiwa umekaa hapohapo." Kitinda alijifunga shuka kiunoni, akaanza kuondoa vikombe vya dawa kwenye meza ya kitanda ili kupata nafasi. "Ila safari hii, Dada, useme."